Reli Iliyong'aa

Mwalimu aliingia kibandani kwa Mama Lenzi akiwa na picha tatu za mashine, akazipanga mezani moja moja kama mtu anayewaonyesha ndugu zake picha za mchumba.

"Niambie ukweli, fundi," alisema. "Mimi nimeshaipenda, kwa hiyo siaminiki."

Mama Lenzi alifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti. Kazi yake ilikuwa kutengeneza chochote chenye kioo ndani: kamera, darubini, hadubini za maabara, hata miwani iliyokaliwa na wenyewe. Jina la Mama Lenzi wateja walimpa kabla hajapata mtoto, na mtoto alipozaliwa akakuta jina linamsubiri. Sasa mtoto huyo alikuwa na miaka sita, na hata kwenye daftari lake la shule aliandikwa Lenzi.

"Ni ya kukuzia picha," Mwalimu aliendelea. Alifundisha upigaji picha chuoni, darasa la jioni. "Picha za filamu, zile za kusafishwa gizani. Chuo kimekubali ninunue moja. Wanafunzi wangu wanapiga picha elfu kwa siku, wanafuta mia tisa na tisini na tisa. Nataka wajue kusubiri."

"Mpya hupati."

"Ndiyo maana nimekuja. Ni ya mtumba, lakini ya daraja la juu kabisa. Wanasema inajifokasi yenyewe."

"Hapo ndipo penye maradhi," Mama Lenzi alisema. "Ya bei rahisi ikiharibika unaifunga waya, kazi inaendelea. Hizi za wakubwa zina magonjwa ya wakubwa. Globu yake haiingiliani na globu nyingine. Mvukuto, ile ngozi ya mikunjo juu ya lenzi, ukitoboka mwanga unavuja, picha inatoka na ukungu. Na hiyo fokasi ya kujiendesha ikichezewa kidogo tu, imekwenda. Kipuri hakuna. Kiwanda kilifungwa kabla wewe hujaolewa."

"Sijaolewa."

"Basi kimefungwa kweli kweli."

Walicheka. Mama Lenzi akaichukua picha ya tatu, akaisogeza karibu na taa, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Pembeni mwa ubao wa chini wa ile mashine palikuwa na alama ya kuungua yenye umbo la pasi. Alama ile aliijua kama anavyolijua kovu la goti lake mwenyewe.

"Ya nani hii?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ya mzee mmoja, nyuma ya barabara ya kiwanda cha rangi. Alikuwa na studio zamani, macho yakamwishia, akaacha. Sasa nyumba aliyopanga inavunjwa, Ijumaa anatoka, anakwenda kuishi kwa mwanawe. Bei yake nzuri mno, ndiyo inanitia wasiwasi. Lakini mwenyewe ukimsikia anavyosema, utamhurumia. Ananiambia, mwanangu, sitaki kuingia kwa watu mikono mitupu."

Mama Lenzi aliirudisha picha mezani, akainyoosha ikae sawa na wenzake. Ilikuwa zamu yake kusema: huyo ni mjomba wangu, tafuta fundi mwingine. Maneno yalifika kwenye meno, akayameza.

"Jumatatu saa nne," alisema. "Tutaenda wote."

Mashine ile alikuwa ameahidiwa yeye. Tangu siku za kusimama juu ya kreti la soda ili afikie ubao, Mjomba alikuwa akimwambia, "Siku nikichoka, hii ni yako." Likizo zote za shule alizimalizia kwenye chumba kile chenye taa nyekundu, akiona nyuso za watu wazima zikijitokeza polepole kwenye trei ya dawa. Mama yake alilalamika kwamba mtoto ananuka siki ya dawa za picha. Mjomba akamjibu dada yake kwamba wengine wananuka uvivu, afadhali siki.

Alipokua akasomea ufundi wa vioo jioni, mchana akiuza katika duka la watu, mpaka akafungua kibanda chake. Na Mjomba alipoanza kugawa vitu vya studio, miaka mitatu nyuma, Mama Lenzi alikwenda na gari la kukodi na mablanketi mawili ya kuifungia mashine. Mjomba alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Chukua trei," alisema. "Chukua saa ya ukutani, chukua meza, chukua hata mlango ukitaka. Mashine niachie. Hii haikufai wewe."

"Hainifai vipi, Mjomba?"

"Haikufai. Tusiongee zaidi."

Alirudi na mablanketi yake matupu. Mama yake akamwambia asijisumbue, mashine itakwenda kwa mtoto wa kiume wa Mjomba, hata kama mtoto wa kiume anauza vifuniko vya simu na hajui filamu inashikwa upande gani. Tangu siku hiyo yeye na Mjomba walikutana misibani tu, wakasalimiana kama watu wanaosubiri foleni moja. Na sasa mashine isiyomfaa yeye ilikuwa inauzwa kwa mtu wa kando.

Jumatatu Mjomba alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu, maboksi yamefungwa kamba, na katikati, juu ya meza pekee iliyobaki, mashine ilisimama imefunikwa shuka jeupe.

Macho yake yalimwona Mwalimu, yakamwona Mama Lenzi, yakatua hapo.

"Shikamoo mzee," Mama Lenzi alisema.

Hakusema Mjomba. Alisema mzee, kama anavyomwambia dereva au mlinzi wa geti.

"Marahaba," alijibu. "Karibu, fundi."

Basi wakawa wageni, kwa hiari yao wote wawili, na Mwalimu katikati hana habari.

"Umeniona nikija, mzee?" Mwalimu aliuliza kwa utani. "Nimeambiwa macho hayaoni."

"Nimeona umetoka nyumba ile yenye namba kumi na saba, ukauliza njia, wakakuelekeza vibaya."

"Namba kumi na saba unaisoma kutoka hapa?"

Mjomba alikohoa, akaenda kuondoa shuka. "Leo kuna mwanga mzuri," alisema.

Mama Lenzi alifungua mfuko wake, akapanga zana juu ya boksi: bisibisi tatu, tochi, rula ya chuma, kioo cha kukuzia, pima maji. Mikono yake ilikuwa mitulivu, na utulivu huo ulimfurahisha.

"Kabla hujafungua, fundi," Mjomba alisema taratibu, "kuna neno moja nataka niwaambie wewe na mwalimu. Kuhusu fokasi."

"Mashine itasema yenyewe, mzee. Tuiache iseme."

"Ni neno dogo."

"Wauzaji wote wana neno dogo." Alimgeukia Mwalimu, akatabasamu kitaalamu. "Nikisikiliza neno la muuzaji, unanilipia nini?"

Mwalimu akacheka. Mjomba akarudi nyuma, akaegemea ukuta.

Katika nyumba ile kulikuwa na kanuni moja ambayo kila aliyefundishwa na Mjomba aliijua kabla ya kujua kushika bisibisi. Mtu yeyote akiifungua mashine, kwa sababu yoyote, aandike kwa penseli ndani ya kifuniko cha nyumba ya taa, kile kichwa cha mashine chenye globu: tarehe, na alichofanya. Kwa hiyo fundi mwenye akili alianza kwa kukifungua kifuniko na kusoma. Ilikuwa kama kusoma cheti cha mgonjwa kabla ya kumpima.

Mama Lenzi alikipita kifuniko. Ndani kulikuwa na mwandiko wa Mjomba, ule wa herufi zilizosimama wima kama watoto wa shule mstarini, na hakutaka kuuona. Alianza na mvukuto. Akaingiza tochi ndani, akazima taa ya chumba, akatafuta nukta za mwanga. Hakuna. Waya mzima, kioo safi, nguzo haina mchezo. Mwalimu alikuwa akimfuata nyuma kwa karibu, pumzi juu, kama mzazi kwa daktari.

"Hadi hapa?"

"Hadi hapa nzima."

Kisha akaweka kipande cha filamu yenye mikwaruzo, akawasha taa ya mashine, akakiinua kichwa hadi juu kabisa. Mikwaruzo ikalala juu ya karatasi nyeupe, myembamba, mikali kama nywele. Mwalimu alitoa sauti ya furaha.

"Subiri," Mama Lenzi alisema. "Juu kila mmoja anajua kujifanya. Tushuke."

Alikishusha kichwa polepole. Kwenye mashine kama ile, kinaposhuka, gurudumu dogo hutambaa juu ya kipande cha chuma kilichopinda kama mundu, mafundi wanakiita reli, na reli ndiyo inayoiambia lenzi isogee kiasi gani ili picha ibaki kali bila mtu kugusa kitu. Kila reli ilisagwa kiwandani kwa mkono, ikafuata lenzi moja tu, haifai kwa nyingine. Ndiyo raha ya mashine hizo, ndiyo na balaa lake.

Kichwa kilipofika katikati, mikwaruzo ikanenepa. Kilipozidi kushuka, ikayeyuka ikawa moshi.

Alichomoa rula ya chuma, akailaza juu ya reli, akamulika tochi kwa nyuma. Kati ya rula na reli, pale gurudumu linapopita mara nyingi, mwanga ulipenya. Ufa mwembamba, wembamba wa ukucha wa mtoto. Akaweka kioo cha kukuzia. Mistari midogo sana, yote imeelekea upande mmoja, mkono umekwenda na kurudi, umekwenda na kurudi.

Msasa.

Mistari ilikuwa imefifia, rangi yake ya kijivu. Hilo aliliona. Chuma kilichosagwa jana hung'aa. Kile cha zamani hununa. Aliliona, akaliweka pembeni, kwa sababu maneno yalikuwa yamepangwa miaka mitatu.

"Njoo uangalie," alimwambia Mwalimu. "Hii reli imepigwa msasa. Ilikuwa na kutu, mtu akaona aisafishe ipendeze machoni pa mnunuzi. Imependeza. Imekufa pia. Hakuna fundi duniani wa kukurudishia alichokula huo msasa."

"Inawezekana ni uchakavu tu?"

"Uchakavu hauna mistari. Mkono wa mtu ndio wenye mistari." Akamgeukia Mjomba, na hapo mpango wote wa ugeni ukamponyoka. "Miaka yote ulinifundisha kwamba anayeficha ubovu wa mashine ni mwizi mwenye subira. Ulinifundisha wewe, Mjomba."

Mwalimu aliinua uso kutoka kwenye kioo cha kukuzia.

"Mjomba?"

"Ni mpwa wangu," Mjomba alisema. "Mtoto wa dada yangu."

"Na hili la msasa?"

"Ni kweli. Ilisagwa."

"Na nani?"

Mjomba alimtazama Mama Lenzi. Ilikuwa mara moja tu, kama mtu anayechungulia chumbani kuona kama mtoto amelala, kisha akatazama sakafu.

"Zamani," alisema. "Sikumbuki."

Mwalimu alikusanya picha zake tatu, akazitia mkobani, akafunga zipu mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa hasira, na ndiyo maana ilichoma zaidi.

"Mimi nimekuja kutafuta mashine," alisema. "Sasa sijui kama hii ni mbovu, au ninyi mna ugomvi wenu mkaniweka katikati. Fundi, ungeniambia tangu mwanzo. Mzee, na wewe ungeniambia. Hela si yangu, ni ya chuo. Samahanini sana."

"Nikusindikize hadi barabarani," Mjomba alisema. "Wasije wakakuelekeza vibaya tena."

Alichukua kofia yake, wakatoka.

Mama Lenzi alibaki peke yake na mashine. Alitarajia kujisikia mwepesi. Alikusanya bisibisi, akakunja waya wa tochi, na wepesi haukuja. Ulikuja uchungu mwingine juu ya ule wa kwanza, kwa sababu Mjomba hakujitetea. Hata kugomba hakugomba. Sasa atauza kwa mtu mwingine, aliwaza, atakayekuja bila fundi. Ndipo akapata wazo: kanuni ni kanuni. Ameifungua, ataandika. Ataandika kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko, RELI IMESAGWA KWA MSASA, ili ajaye aone, na aone kwa mwandiko wake.

Akalegeza skrubu mbili, akakitoa kifuniko, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, penseli mkononi.

Kilikuwa kimejaa. Herufi za Mjomba zilishuka mstari kwa mstari. Globu mpya. Kioo cha chini kimefutwa. Mvukuto, tundu moja limezibwa. Kisha, katikati, mwandiko mwingine, mkubwa, wa duara, uliopinda kwenda juu kwa furaha:

*Nimesafisha reli yote kwa msasa. Ilikuwa na kutu sasa inang'aa. Mjomba usishtuke ni zawadi.*

Na ua. Ua lenye petali tano na jani moja, lile alilokuwa akilichora kila mahali mwaka ule alipokuwa na miaka kumi na nne.

Alikaa juu ya boksi. Likizo ile, aliyokuwa ameisahau kabisa, ilimrudia yote kwa pamoja: Mjomba amekwenda msibani siku tatu, yeye kaachiwa funguo, mvua inanyesha, hana la kufanya. Alikuwa ameona madoa mekundu kwenye chuma. Alikuwa amesugua mchana mzima kwa upendo, akipuliza unga wa chuma, akisugua tena, hasa pale katikati palipokuwa pachafu zaidi. Mjomba aliporudi alimshika mkono akampeleka kuona. Mjomba aliinama, akaangalia muda mrefu. Alisema nini? Alisema, "Kweli imeng'aa." Akamnunulia viatu.

Chini ya ua, kwa herufi za wima, tarehe ya juma lilelile: *Fokasi kwa mkono.*

Hakuna kingine. Baada ya hapo ilikuwa globu, kioo, globu, miaka kumi na minane.

Alisikia hatua nje. Hakukirudisha kifuniko. Mjomba aliingia, akakiona kilipo, akavua kofia taratibu na kuitundika kwenye msumari uliobaki ukutani.

"Nilitaka kulifuta," alisema. "Mara nyingi nilishika kifutio. Lakini ua lile lilinishinda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulinishika mkono ukanipeleka kuona."

"Hata baadaye? Nilipokuwa fundi?"

"Baadaye ndiyo ikawa vibaya zaidi. Mtu akiwa fundi unaanza vipi?" Aliketi kwenye boksi la pili, magoti yakalia. "Ulikuwa unawaambia wateja wote. Kila aingiaye, mashine nimeisafisha mimi. Picha za harusi tatu zikatoka na ukungu, watu wakaja juu. Nikisema mashine ina kosa, wataulizana mashine imefanya nini, na wewe umesimama pale pale na viatu vipya. Nikasema ni macho yangu."

"Watu wakakuhama kwa ajili ya macho."

"Wengine. Wengine walibaki, ni wavumilivu. Na kwa mkono nilizoea. Inachelewesha, basi."

"Na uliposema mashine hainifai, ulimaanisha nini?"

"Nilijua ukiipeleka kwako, siku ya kwanza utaifungua." Alinyoosha kidole kwenye kifuniko. "Siku ya kwanza. Ndiyo maana leo nilipokuona mlangoni nikasema, haya, amekuja kusoma. Nikataka nitangulie kusema fokasi ni ya mkono, na bei ndiyo maana iko chini, umwambie mwalimu wako achukue au aache, tumalize bila kifuniko. Hukunipa nafasi."

Mama Lenzi alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilionekana dogo, kama kutoa kiraka cha baiskeli kwa mwenye lori.

"Nitamrudisha," alisema. "Nitamwambia kila kitu."

"Umwambie," Mjomba alisema, bila tumaini wala hasira. "Mimi nimalizie kufunga vyombo."

Siku ya pili alimfuata Mwalimu chuoni. Alikwenda na kifuniko chenyewe kwenye mfuko wa kitambaa. Mwalimu alikuwa kwenye chumba kidogo kilichobandikwa plastiki nyeusi madirishani, anapima kwa futi mahali pa kuweka meza.

Mama Lenzi alisema yote, bila kujipunguzia. Kwamba msasa ulikuwa wake. Kwamba mistari ilikuwa ya zamani na aliliona hilo, akanyamaza. Kwamba kwa mkono mashine ile inafanya kazi, tena vizuri kuliko nyingi, na kwa mwanafunzi wa kujifunza kusubiri haipatikani nyingine. Alikigeuza kifuniko, akamwonyesha ua.

Mwalimu alilitazama ua. Aligusa jani lake kwa kidole.

"Nakuamini," alisema. "Lakini nikipeleka hadithi hii kwa mhasibu, atasema ndugu wanafichiana. Jana fundi amesema imekufa, leo fundi yuleyule amesema iko hai, na mashine ni ya mjomba wake. Ungekuwa wewe mhasibu?"

"Ningekataa."

"Na isitoshe nimeshachukua nyingine. Jana jioni, kwa jamaa mmoja wa mnadani. Inaletwa kesho."

"Imekaguliwa na nani?"

Mwalimu alikunja futi yake. "Muuzaji amesema ni nzima."

"Umeuona mvukuto wake? Umeishusha chini?"

"Fundi," Mwalimu alisema kwa upole, "kukagua kumenichosha."

Mama Lenzi alikirudisha kifuniko mfukoni. Njiani alipita kwa wapiga picha wawili waliokuwa wakimjua Mjomba. Wote walikuwa wameshasikia kwamba mzee alitaka kukiuzia chuo mashine iliyofichwa ubovu. Alipowaambia kosa ni lake, wa kwanza alimpiga bega na kusema ni mpwa mwema. Wa pili alicheka tu.

Ijumaa asubuhi alifika na gari la kukodi na mablanketi yaleyale mawili, na bahasha yenye bei yote aliyokuwa ameitaja Mjomba. Kijana wa Mjomba, yule wa vifuniko vya simu, alikuwa akipakia maboksi kwenye pikapu ya rafiki yake, akiangalia saa kila baada ya boksi.

"Dada, hilo dude unalichukua wewe?" aliuliza. "Afadhali. Mzee alitaka kuja nalo, na mimi sina hata pa kumweka yeye mwenyewe."

Alisema bila ubaya. Mjomba alikuwa hatua mbili nyuma, ameshika kofia, na alisikia.

Mama Lenzi alimpa bahasha kwa mikono miwili. Mjomba hakuifungua. Aliipima mkononi, akaelewa ni nini, akairudisha.

"Hii nilikuwa namuuzia mtu," alisema. "Wewe nilikuahidi. Huwezi kununua ulichoahidiwa."

"Chukua basi kwa ajili ya safari, Mjomba. Usiingie mikono mitupu."

Alilisema, na papo hapo akatamani kulirudisha, maana lile neno hakuwahi kuambiwa yeye. Uso wa Mjomba ulifungwa polepole.

"Kumbe mwalimu anasimulia," alisema. Akavaa kofia, akapanda mbele karibu na dereva, mfuko wake mmoja juu ya mapaja. Pikapu ilipoondoka alitazama mbele, na mikono ilikuwa juu ya mfuko, mitupu kama alivyoogopa.

Mashine ilipata nafasi kibandani baada ya meza mbili kusogezwa. Lenzi alirudi kutoka shuleni, akatupa begi, akazunguka mashine mara tatu kabla ya kuuliza.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakililia?"

"Nani amekwambia nililia?"

"Bibi." Alikuwa ameshachukua kitambaa. "Nikufutie vumbi?"

"Futa ubao. Hapa penye chuma usiguse. Hapa niliharibu mimi nilipokuwa mdogo."

Lenzi aliinama akaangalia reli kwa makini, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

"Ulipigwa?"

"Hapana."

"Uligombezwa?"

"Hapana. Nilinunuliwa viatu."

Mtoto alifikiri. "Sasa ulijuaje kama umeharibu?"

"Nimejua Jumatatu."

Lenzi alimtazama kuona kama ni utani, akaona si utani, akaanza kufuta ubao kwa bidii, akizunguka ile alama ya pasi. Mama Lenzi alishika kitufe cha pembeni cha kuzungushia lenzi kwa mkono, kile ambacho kwenye mashine nzima za aina ile hubaki na rangi yake nyeusi ya kiwandani kwa sababu hakuna anayekihitaji. Hiki rangi yote ilikuwa imetoka. Kilikuwa chuma kitupu, laini, kimelika upande mmoja kwa kufuata dole gumba lililo pana kuliko lake, na yeye siku ile alikuwa amekipitishia mwanga wa tochi mara mbili bila kukiona.

Alichukua penseli. Chini kabisa ya kifuniko, mahali padogo palipobaki, aliandika tarehe, akaandika: *Niliisaga mimi.* Kisha akakishusha kichwa cha mashine hadi katikati, picha ikawa moshi, na akaanza kuitafuta fokasi kwa mkono.